Mtu wa Kilimi

Kavindu Mdogo alikuwa na miezi saba, mashavu ya andazi, na sauti ya mbuzi. Simtanii. Kila alipovuta pumzi koo lake lilitoa mlio mwembamba, hiii, hiii, hasa akinyonya, akifurahi, akikasirika au akilazwa chali. Na kwa kuwa Kavindu hakuwa mtu wa kukaa bila kufurahi au kukasirika, mlio huo haukuwa na likizo. Wapangaji wa ploti yao, jumba la kupanga pale Athi River, walishauzoea. Aliyehamia juzi ndiye tu aliyeuliza ni nani anafuga mbuzi ghorofa ya tatu.

Mama yake, Mutanu, alikuwa mshonaji wa suruali kwenye kiwanda kimoja cha EPZ, na miezi mitatu ya kwanza alilia mpaka akachoka. Kisha daktari wa watoto katika hospitali moja ya Machakos mjini akapitisha kamera nyembamba puani mwa mtoto na kumwonyesha kwenye skrini. Sehemu ya juu ya koromeo ilikuwa laini kupita kiasi. Pumzi ikiingia, inajikunja ndani na kupiga filimbi.

"Itakomaa yenyewe," daktari alisema. "Wengi wakifika mwaka na nusu au miwili wananyamaza. Kazi yako ni kumnyonyesha polepole, kumshika wima baada ya kula, na kumwangalia. Midomo ikigeuka buluu, au kifua kikianza kubonyea ndani, usiulize mtu ushauri. Njoo mbio."

Tangu siku hiyo Mutanu aliacha kulia akarudia hali yake ya zamani, ambayo ilikuwa kucheka. Alimcheka Kavindu akidai maziwa kwa mlio wa king'ora. Alijicheka mwenyewe akiamka usiku kusikiliza kama ule mlio bado upo, maana mama wengine huombea kimya, yeye aliombea kelele. Furaha ilikuwa imemrudia kwa mkupuo kama stima iliyopotea wiki nzima.

Kilichobaki kumkosesha raha kilikuwa Matuu.

Huko Matuu aliishi mama mkwe wake, Kavindu Mkubwa, ambaye tangu mtoto azaliwe kila mtu alimwita Susu, yaani bibi. Mtoto alikuwa amepewa jina lake, na kwa Wakamba hilo si jambo la karatasi tu. Mume wa Mutanu, Bartholomew, alimwita binti yake "mwaitu", mama yangu, bila mzaha wowote. Susu naye alipopiga simu hakuuliza mtoto anaendeleaje. Aliuliza, "Mimi naendelea aje huko?"

Siku moja, katikati ya salamu, Kavindu Mdogo akachangia mazungumzo. Hiii.

"Ni nini hiyo inalia?" Susu akauliza.

"Ni Kavindu, mwaitu," Bartholomew akajibu.

Hapo hapo Susu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "Huyo ako na kilimi. Mlete."

Kilimi, kwa asiyejua, ni kale kanyama kanakoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Wazee wengi wanaamini kakirefuka ndiko kanakomkohoza mtoto na kumbana pumzi, na dawa yake ni kumwita mtu wa kilimi akakate. Pale soko la Matuu mtu wa kilimi alikuwa mzee Nzuki, mwenye wembe wake na waya wake. Mutanu alipomwuliza daktari, yule mtu mpole alisimama kutoka kwenye kiti.

"Kilimi cha huyu ni kizima," alisema. "Lakini mtu akiingiza wembe kwenye koo hili, damu ishuke hapa palipolegea..." Hakumaliza, na Mutanu hakumwomba amalize.

Basi mambo yalisimama hivyo. Kwenda Matuu lilikuwa jambo la lazima, kwani bibi alikuwa hajamwona mtoto mwenye jina lake kwa miezi saba. Wembe kumkaribia Kavindu lilikuwa jambo lisilowezekana. Na katikati ya hayo mawili alisimama Bartholomew, fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamume wa kifua kipana aliyewahi kumfukuza mwizi hadi Mlolongo, lakini akimwona mama yake anakuwa mtoto wa nasari.

"Utamwambia?" Mutanu alimwuliza asubuhi ya safari.

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

Bartholomew akafikiri. "Nitamwambia safari ilikuwa njema."

Walisafiri na Abshir, jirani yao wa chini, mfanyabiashara wa mifugo ambaye kila Jumamosi alipeleka pikapu yake tupu Matuu na kuirudisha imejaa mbuzi. Ilikuwa gari nzuri kwa mtoto kama Kavindu, maana Abshir alisimama kila Mutanu alipotaka kunyonyesha, na hakuna abiria wa kunung'unika. Ila ilikuwa na tabia mbili. Honi yake ilikufa zamani bila kuzikwa. Na Abshir mwenyewe, kila alipofika mteremkoni, alizima injini ili kuokoa mafuta, gari likateleza kimyakimya huku yeye akitabasamu kama aliyemwibia shetani.

Mutanu alikaa dirishani na Kavindu wima kifuani, amefunikwa leso. Walipita Machakos, wakakata kuelekea Yatta, na kila tuta mtoto alitoa maoni yake. Hiii. Tuta. Hiii. Abshir akaanza kumjibu kwa mluzi, na Kavindu, alipogundua kwamba hatimaye amepata mtu wa kuelewana naye, akapandisha sauti maradufu.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja aliwapungia mkono wasimame.

"Mmebeba nini?"

"Hakuna kitu, afande," Abshir akasema. "Gari ni tupu. Mbuzi ni jioni, na kibali nitakuwa nayo jioni."

Chini ya leso: hiii.

Askari akainua nyusi. "Na huyo mmeficha hapo mbele?"

"Huyo nani?"

"Huyo mbuzi. Unanibeba ufala? Kibali iko wapi?"

Hapo Bartholomew aliyekuwa katikati aliona ni wakati wa mwanamume kusema ukweli. "Afande, huyo si mbuzi. Huyo ni mamangu."

Askari alimtazama. Akaitazama leso. Leso ikalia hiii.

"Mama yako," akasema taratibu, "ndiye analia hivyo?"

Mutanu alicheka hadi machozi yakamtiririka shingoni. Alijaribu kueleza akashindwa, akaishia kuifunua leso tu. Kavindu alipoona kofia yenye nembo inayong'aa alifurahi kupita kipimo, akatoa mlio mrefu kuliko yote ya siku hiyo, akanyoosha mikono miwili. Ilibidi askari aelezwe: jina la bibi, koo laini, daktari, kamera. Askari alisikiliza yote huku Kavindu akiwa amemkamata kidole.

"Basi pole, mama," alimwambia mtoto kwa heshima zote. "Wewe pita. Kibali yako ni hiyo sauti."

Bomani kwa wazee palikuwa bondeni, baada ya mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Abshir akazima injini kama kawaida. Wakateremka bila kishindo, bila honi, Kavindu peke yake akiimba. Walipofika walikuta geti limeshafunguliwa. Baba mkwe, Muthoka, aliyeitwa Umau, yaani babu, alikuwa akiegemea mlango wa stoo, amewapa mgongo, redio yake ndogo ikinguruma sikioni. Kila mtu alijua Umau ni kiziwi. Ukitaka kumwambia jambo ulilazimika kulitangazia na bonde zima, na hivyo nyumba ile haikuwa na siri. Abshir aliwashusha, akaahidi kuwapitia jioni, akaenda zake sokoni.

Susu alikuja mbio, kitambaa kikimwanguka kichwani. Alimchukua Kavindu Mdogo, akamtazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo baada ya miaka mingi, akalia machozi halisi. Akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani. Akambeba hadi kando ya jikoni kumwonyesha mche wa muembe uliozungushiwa miiba.

"Huu nilipanda mbegu siku mimi nilizaliwa," alimwambia, akimaanisha siku mtoto alipozaliwa. "Ni wewe. Unaitwa Kavindu."

Mutanu alikuwa amejiandaa kumwogopa huyu mama, na sasa alijikuta anampenda, jambo lililofanya hali kuwa ngumu zaidi. Maana hapo hapo Kavindu akauona mche, akafurahi, na kulia hiii. Susu akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Uso wake ukabadilika.

"Kai! Huyu anakatwa leo leo."

Mutanu akamgeukia mumewe. Bartholomew akakohoa. "Mwaitu, daktari alisema..."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema... tuwasalimie."

Susu hakuwa na muda wa salamu. Alijaza mapafu hewa. "MUTHOKA! ENDA SOKONI UITE MTU WA KILIMI!"

Umau akashusha redio, akakinga sikio kwa kiganja. "Nani amelima?"

"KILIMI! MTU WA KILIMI! AKUJE AKATE KAVINDU!"

Umau akaitika kwa kichwa mara nyingi, akavaa kofia yake, akachukua fimbo na redio, akatoka.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Susu alinung'unika akimtazama akipotea kwenye kona. "Lakini miguu bado ni ya kijana."

Mutanu alikuwa jikoni akikoroga muthokoi, mahindi ya kukobolewa, bila hata kuiona. Mwiko uligonga sufuria ovyo. Kupingana na mama mkwe mbele ya mafiga yake mwenyewe ni jambo ambalo hakufundishwa kulifanya, na hata maneno ya kuanzia hakuyapata. Alimtafuta mumewe kwa macho. Bartholomew alikuwa nje akilisifia tangi jipya la maji, akilipapasa, akiuliza linabeba lita ngapi. Abshir asingerudi hadi jioni. Basi Susu alipoingia stoo kutafuta wimbi la uji, Mutanu alimchukua mtoto kwenye mkeka, akavuka uwanja kwa ncha za vidole, akajificha nyuma ya zizi.

Alikuwa na hoja, na wakati ule ilionekana hoja ya busara sana. Zizini kulikuwa na mbuzi. Mbuzi wanalia. Kavindu analia kama mbuzi. Nani atamtambua?

Hiii, alisema Kavindu, akichungulia kati ya fito. Mbuzi mmoja mwenye ndevu akajibu. Kavindu akafurahi, akasema tena. Wakajibu watatu. Muda si muda zizi zima lilikuwa kwenye mjadala, na Mutanu, katikati ya hofu yake, akaanza kucheka bila kutaka, akijiziba mdomo kwa leso, mabega yakiruka.

Nyayo zikaja moja kwa moja hadi alipokuwa. Susu alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Mwana wakwa, mwanangu," alisema, "mbuzi wangu nimewazalisha kwa hii mikono. Unafikiri nitakosa kujua mwenye si wangu?"

Na kabla Mutanu hajapata jibu, pikipiki ikanguruma getini.

Umau alikuwa nyuma, kofia imegeuka, amekumbatia redio. Mbele alikuwa kijana nadhifu mwenye buti za mpira na mkoba mgongoni. Alishuka, akasalimia kila mtu kwa zamu, akasema anaitwa Justus. "Mzee ameniambia kuna kazi ya kukata hapa kwa Kavindu."

Susu alimpima kwa macho. "Nilingojea mzee Nzuki."

"Wazee karibu wote wameacha hii kazi," Justus akasema kwa unyenyekevu. "Siku hizi ni sisi vijana. Tumesomea."

"Kumbe inasomewa?"

"Chuoni, miaka mitatu."

Susu aliridhika kabisa. Alimtupia Mutanu jicho la unaona-sasa. Akavuta kigoda, akakaa, akampakata mtoto. Mutanu alisimama nyuma yake, vidole vimeishika nguo ya Kavindu bila kuiachia. Bartholomew aliliacha tangi, akasogea hatua moja, akaishia hapo.

"Ako na umri gani?" Justus aliuliza, akifungua mkoba.

"Miezi saba."

"Hiyo ni saizi nzuri kabisa. Shingo imefika unene wa penseli?"

Susu aliitazama shingo ya mjukuu wake, mikunjo mitatu iliyonona. "Imepita."

"Basi tumechelewa kidogo, lakini haidhuru. Ikikomaa sana inakuwa ngumu kukata. Chakula anapata aje?"

"Kwa mama yake."

Justus akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Karibu na mti mama. Vizuri. Na mmeongeza kitu ingine?"

"Juzi ameanza uji."

"Uji?"

"Ya wimbi."

Justus alikuna kichwa. Lakini alikuwa amezunguka mashamba mengi, ameona mengi, na alikwisha jifunza kutomkosoa mkulima siku ya kwanza. "Sawa. Basi kazi yenyewe ni fupi. Hii kichwa ya kienyeji natoa yote, haina faida. Naweka kichwa ingine, ya ngowe, nafunga na nailoni iwe tight. Wiki tatu anachipua. Miaka mitatu mnauza."

Akachomoa kisu. Kilikuwa kimenolewa kikanoleka, na jua la mchana likakichezea.

Susu alifungua kinywa. Hakuna sauti iliyotoka. Labda ilikuwa mara ya kwanza.

"HAKATWI!"

Ilikuwa sauti ya Mutanu. Yeye mwenyewe hakuitambua. Alikuwa ameshamnyakua mtoto, amerudi nyuma hadi kwenye ukuta wa jikoni, na maneno yote aliyoyakosa mbele ya mafiga sasa yalikuja kwa pamoja yakisukumana mlangoni. "Mtoto wangu hakatwi! Si kichwa, si koo, si kilimi, si ukucha! Nimemwogopa Mungu, nimewaheshimu wazazi, lakini nitatembea hata hadi Athi River kwa miguu! Hakatwi!"

Mbuzi walinyamaza zizini. Justus alikuwa ameinua mikono yote miwili, kisu kikiwa katika mmojawapo.

"Mama, pole," alisema, amepauka. "Ni mti tu."

"Mti gani?"

"Huo." Alielekeza kwa kidevu nyuma ya Susu, kwenye mche uliozungushiwa miiba. "Muembe wa Kavindu. Mimi ni mtu wa kilimo. Nimekuja kupandikiza muembe, niuwekee kichwa ya ngowe, ile aina tamu ya embe."

Wote waliutazama mche. Kisha wakamtazama Justus. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Umau Muthoka, aliyekuwa akihangaika kutafuta stesheni.

Aliyeanza kucheka ni Bartholomew. Alicheka akashika tangi. Susu akafuata, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo zima, akapiga mapaja, akarudia "kichwa ya ngowe! kichwa ya ngowe!" hadi akateleza kutoka kwenye kigoda na kukaa chini mavumbini. Mutanu aliyekuwa bado anatetemeka kwa hasira aligundua kwamba anatetemeka kwa kicheko. Justus, alipoelewa kwamba alikuwa amemtishia mtoto wa watu kumkata kichwa na kumfunga nailoni, alikaa juu ya pikipiki yake akaficha uso. Na Kavindu, alipoona watu wazima wote wamepata akili, alijiunga nao kwa hiii hiii hiii iliyofika ng'ambo ya bonde.

Lakini Susu hakuwa mwanamke wa kusahau lililomfanya atume mtu sokoni. Alijifuta macho kwa pindo la leso. "Ai, huyu Muthoka! Nilisema kilimi! Haidhuru, kesho nitaenda mwenyewe kwa Nzuki."

Kicheko kikamkauka Mutanu. Lakini mlango wa maneno ulishafunguka, na akaona hakuna haja ya kuurudisha. Alienda kwenye mche, akainama. Juu kabisa ulikuwa umetoa majani mapya, mekundu-mekundu, yamening'inia kama vitambaa vilivyolowa. Akaliinua moja kwa kidole. Alipoliachia, likaanguka tena.

"Susu," akasema, "hii jani mbona imelala? Ni mgonjwa?"

"Mgonjwa?" Susu aliudhika kwa niaba ya mti. "Ni changa. Kila muembe hutoa hivyo. Ngojea wiki mbili tatu, utaona vile inasimama."

"Na nikiikata kwa sababu ni laini?"

"Nani huyo mjinga anakata jani kwa sababu ni laini?"

Mutanu alisimama, akamweka mtoto begani, wima, kama alivyofundishwa.

"Koo ya Kavindu iko hivyo," alisema, na sauti haikumtetemeka. "Daktari alinionyesha kwa skrini, nikaona na macho yangu. Juu hapa bado ni changa. Akivuta pumzi inalala, ndiyo maana inalia. Kilimi yake ni mzima. Itasimama yenyewe, Susu, tukiingojea. Lakini mtu akiweka wembe hapo, hatutakuwa na mtu wa kungojea."

Susu alilitazama jani. Alikuwa amepanda miembe tangu akiwa msichana, akauza maembe hadi yakamsomesha Bartholomew, na hakuna mtu aliyewahi kumdanganya kuhusu jani. Alinyoosha mkono, akaliinua kwa kidole, akaliachia. Likaanguka.

"Bartholomew."

"Ii, mwaitu."

"Ndio hiyo daktari alisema?"

"Ndio hiyo."

"Si ulisema alisema mnisalimie?"

"Na hiyo pia, mwaitu."

Susu alisimama, akajikung'uta vumbi. Alimwendea mkwe wake, na Mutanu akakaza mikono bila kutaka. Lakini Susu alimshika mtoto kwa uangalifu mpya, akamweka wima begani pake, akauliza kama hivi ndivyo, au kichwa kiwe juu zaidi. Mutanu akamwonyesha. Alimwonyesha pia pa kuangalia, midomo na kifua, na Susu akarudia kila neno kama mtoto wa katekisimu.

"Nimekuwa na haraka na wewe," akamwambia Kavindu Mdogo. "Na mimi sipendagi kuharakishwa."

Justus alikohoa. "Na huu muembe sasa, mama? Nikate ama nisikate?"

"Weka kisu," Susu akasema. "Hakuna kitu inaitwa Kavindu itakatwa hapa leo. Kuja ukunywe chai."

Mchana wote ukaenda hivyo. Muthokoi ililiwa ikaisha. Justus alisimulia kisa chake mara nne, na kila mara kisu kilizidi kurefuka. Bartholomew, kwa kujikomboa, alipanda juu ya tangi akarekebisha bomba ambalo halikuwa limeharibika.

Jua lilipoanza kulegea Abshir alirudi na mbuzi wake, kibali kiko mfukoni, akaenda nyuma ya nyumba kunywa chai na wengine. Mutanu alibaki kwenye ngazi ya mlango na mtoto kifuani. Ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango wa stoo, alikaa Umau na redio yake ikinguruma. Kwa adabu ya Kikamba mke wa mwana hamkaribii sana baba mkwe, wala hakai naye kupiga soga, na kwa hiyo wawili hao walikuwa hawajawahi kusemezana zaidi ya salamu, tena za kupigiwa kelele.

Kavindu alisinzia. Mlio wake ukapungua, ukawa uzi, kisha ukawa kitu kidogo ambacho hata Mutanu alikisikia kwa sababu tu kifua chake kilikuwa hapo. Pumzi ilipita vizuri. Midomo ilikuwa myekundu.

Ng'ambo ya uwanja mkono wa Umau ulienda kwenye redio, ukapunguza sauti hadi ikazimika.

"Amelala," alisema, bila kugeuka.

Mutanu alidhani amesikia vibaya. Alimtazama yule mzee, akalitazama geti, akaikumbuka ile pikapu iliyoteremka bila injini na bila honi, na geti lililokuwa limeshafunguliwa. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, ile ya kumnong'oneza mtoto aliyelala, "Umau, uliisikia kilimi?"

"Kilimo," Umau akajibu taratibu. "Mimi nilisikia kilimo. Mtu akisikia kila kitu kwa hii nyumba, atatumwa hadi azeeke." Akaiweka redio pajani. "Hiyo sauti yake nimeisikia tangu mkiwa kule juu kwa mteremko. Nikasema, huyo ni wetu, nifungue geti."

Mutanu alitaka kumshukuru. Alitaka kucheka, akalia, akacheka akilia, taratibu, asimwamshe mtoto.

"MUTHOKA!" Susu alinguruma kutoka nyuma ya nyumba, bonde likaitika. "CHAI INAPOA!"

Umau aliiwasha redio upya, akakinga sikio kwa kiganja, na uso wake ukawa wa mtu asiyejua lolote duniani.

"Nani amepotea?" akauliza.